Ajali Kazini Nchini Kenya: Cheti cha Bima Kinajibu Swali Moja Tu Kati ya Mawili

Muulize mwenye karakana ya vyuma, bekari au kampuni ndogo ya ujenzi nchini Kenya amejiandaa vipi kwa ajali kazini. Mara nyingi atakuonyesha cheti cha bima ya WIBA, ile ya kumfidia mfanyakazi anayeumia kazini. Ada imelipwa, cheti kimewekwa kwenye fremu, na kwake yeye suala limekwisha. Halijaisha. Sheria za Kenya zinamuuliza mwajiri maswali mawili tofauti kabisa kuhusu ajali, na bima inajibu moja tu. Anayeyachanganya maswali hayo huishia kulipa mara mbili, na mbaya zaidi, mtu wake aliyeumia hukaa miezi bila shilingi mkononi wakati haki yake iko wazi kwenye karatasi.

Swali la kwanza linaulizwa kabla mtu hajaumia: umefanya nini ili asiumie? Hilo ni la Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi wanaiita OSHA. Mkaguzi wa serikali anaweza kuingia kwenye karakana yako leo, akute kila mtu mzima na mwenye afya, na bado akupate na kosa, kwa sababu kosa lako ni hatari uliyoiacha wazi. Ukipatikana na hatia unatozwa faini au unafungwa, na faini hiyo ni adhabu; haihesabiwi kuwa fidia uliyomlipa mfanyakazi.

Swali la pili linakuja baada ya damu kumwagika: huyu aliyeumia anapata nini? Hilo ni la Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, pia ya mwaka 2007, ndiyo hiyo WIBA, iliyoanza kutumika tarehe 2 Juni 2008. Hii haitafuti mwenye makosa. Inatazama kama mtu ni mfanyakazi wako, kama aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi, na ameumia kiasi gani.

Kwa hiyo mwajiri aliyetimiza kila kipengele cha usalama bado atalipa fidia mtu akiumia. Na mwajiri ambaye bima yake imelipa fidia yote bado anaweza kusimama kizimbani kwa kuacha mashine bila kinga. Kulipa huku hakukuondolei hatia kule.

Sasa tuifuate ajali moja ya kubuni, lakini ya aina inayotokea. Karakana iko Athi River, inakunja mabati. Kijana kibarua, wastani wa malipo yake ni shilingi 24,000 kwa mwezi, anaingiza bati kwenye mashine na vidole viwili vinabanwa. Msimamizi anasema kijana alikuwa anaongea na mwenzake. Kijana anasema kinga ya mashine ilifunguliwa wiki nyingi zilizopita kwa sababu ilikuwa inachelewesha kazi.

Jambo la kwanza ni hospitali, na gharama za matibabu ni za mwajiri. Hapo waajiri wengi hawana shida. Wanakimbiza mtu hospitali na wanalipa bili. Shida inaanza kesho yake. Mwajiri anadhani ameshamaliza wajibu, anamwambia kijana apumzike nyumbani, anamtumia elfu mbili tatu kwa M-Pesa, na anasubiri. Wakati huo saa ya sheria inahesabu. WIBA inamtaka mwajiri aripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 tangu alipopewa taarifa au alipoijua. Kama mtu amefariki, OSHA inataka taarifa ifike ndani ya saa 24, kisha ripoti ya maandishi ifuate ndani ya siku 7.

Ripoti hiyo inaandikwa kwenye fomu ambayo kila anayefanya kazi hii anaijua kama DOSH 1. Mwajiri anajaza sehemu yake: nani, lini, wapi, mashine gani, mshahara kiasi gani. Daktari anajaza yake, na humo ndimo inamoandikwa asilimia ya ulemavu wa kudumu matibabu yakishakamilika. Mkurugenzi anapiga hesabu na kutoa madai rasmi, DOSH 4, kwa mwajiri au kampuni yake ya bima. Kuanzia madai yanapowasilishwa, sheria inatoa siku 90 za kulipa.

Hesabu yenyewe si ngumu, na kila mwajiri anapaswa kuweza kuifanya kwa kalamu. Kwa muda ambao mfanyakazi hawezi kabisa kufanya kazi, analipwa sawa na kipato chake, hadi miezi 12, isipokuwa akiwa ameshindwa kufanya kazi kwa siku chache tu. Kijana wetu akikaa nje miezi miwili ni shilingi 48,000. Kwa ulemavu wa kudumu msingi ni kipato cha miezi 96. Miezi 96 mara 24,000 ni shilingi 2,304,000. Hicho ndicho kiasi cha aliyepoteza uwezo wote, asilimia 100. Daktari akimpa kijana asilimia 10, fidia ni shilingi 230,400. Akifa mtu, wategemezi wake wanalipwa kwa msingi huohuo wa miezi 96, na gharama za mazishi ziko juu ya hapo.

Tazama jinsi kila tarakimu inavyotegemea mshahara. Kampuni za bima hukadiria ada ya WIBA kama sehemu ya jumla ya mishahara ambayo mwajiri ametangaza kwa mwaka, kulingana na hatari ya kazi. Fundi wa rangi aliye juu ya jukwaa hawezi kutozwa sawa na karani wa ofisi. Hapo kuna kishawishi kikubwa. Mwajiri ana watu 40, anatangaza 15, kwa sababu wengine ni vibarua wanaolipwa taslimu Jumamosi jioni. Ada inashuka. Lakini sheria haimbagui kibarua: mtu anayefanya kazi kwa malipo chini ya mkataba wa kuajiriwa, hata wa mdomo, ni mfanyakazi, na mwanafunzi wa ufundi aliyechukuliwa kujifunza kazi naye yumo. Kidole kinapokatika ni cha mtu wa 27, ambaye jina lake halipo popote, na kampuni ya bima ina kila sababu ya kuuliza huyu ni nani. Fidia bado inadaiwa. Kinachobadilika ni mfuko itakakotoka.

Turudi kwa msimamizi anayesema kijana alikuwa anaongea. Kwa WIBA hilo halina uzito. Sheria inamnyima mfanyakazi fidia pale tu alipojiumiza kwa utovu wa makusudi, na hata hapo ni kama ajali haikuleta ulemavu mkubwa au kifo. Kuzubaa, kuchoka, kukosea hatua, kupitiwa, hayo yote ni mambo ya binadamu kazini na mfumo umeyakubali tangu mwanzo. Nimesikia waajiri wakilalamika kwamba hii ni dhuluma, kwamba wanalipia uzembe wa watu wengine. Naelewa uchungu wao, ila nadhani wanasahau walichopewa upande wa pili.

Zamani mfanyakazi wa Kenya aliyeumia alikuwa na njia mbili: fidia ndogo chini ya sheria ya fidia ya wakati huo, au kumshtaki mwajiri mahakamani kwa uzembe na kudai hasara. Njia ya mahakama ilikuwa bahati nasibu. Mwenye wakili mzuri na shahidi aliyethubutu kumkabili bosi wake alipata pesa nyingi. Wengine walisubiri miaka, kisha wakaambiwa na wao walichangia ajali, fidia ikakatwa. Wengi hawakwenda kabisa. Mfumo wa fidia bila kutafuta mwenye makosa, ambao chimbuko lake la kisasa ni sheria ya bima ya ajali ya Ujerumani ya mwaka 1884, ni mapatano: mfanyakazi anaacha haki ya kushtaki na kudai hasara kubwa, na mwajiri anaacha utetezi wa kusema “ni kosa lako mwenyewe.” Kila upande unatoa kitu.

Kifungu cha 16 cha WIBA ndicho kilichoandika mapatano hayo: hakuna kesi ya kudai hasara dhidi ya mwajiri kwa ajali au ugonjwa wa kazini, isipokuwa kupitia sheria hiyo. Ndicho pia kilichozua vita vya miaka zaidi ya kumi. Chama cha Mawakili wa Kenya kilikwenda Mahakama Kuu, na Machi 2009 mahakama hiyo ikabatilisha kifungu hicho na vingine kadhaa kwa kuwa viliwanyima wafanyakazi mlango wa mahakama. Kuanzia hapo wafanyakazi wakaendelea kufungua kesi kwa mahakimu, maelfu kwa maelfu. Novemba 2017 Mahakama ya Rufaa ikageuza sehemu kubwa ya uamuzi ule, ikakirudisha kifungu cha 16 na kuacha vipengele vichache tu vikiwa vimebatilika. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana na Mahakama ya Rufaa. Madai sasa yanaanzia kwa Mkurugenzi. Asiyeridhika anapinga kwa Mkurugenzi huyohuyo ndani ya siku 60, na akishindwa hapo anakata rufaa kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndani ya siku 30.

Kesi zilizokuwa tayari mezani zikabaki zimening'inia. Mahakimu wengine walizifunga siku moja kwa kusema hawana mamlaka tena, wengine waliendelea. Mtu aliyeumia mwaka 2014 na kufungua kesi kwa nia njema, wakati mahakama zenyewe zilikuwa zimemwambia ana haki ya kufungua, akajikuta nje ya mlango, na muda wa miezi 12 wa kudai kwa Mkurugenzi ulishampita. Ilibidi Jaji Mkuu atoe maelekezo kwenye gazeti rasmi la serikali, Aprili 2023, kwamba kesi zilizofunguliwa kabla ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ziendelee kusikilizwa zilipo. Kama wewe ni mwajiri na una kesi ya zamani ya namna hiyo, usijidanganye kwamba ilikufa yenyewe Desemba 2019.

Mimi naona Mahakama ya Juu ilikuwa sahihi kuyalinda mapatano. Lakini mapatano yana haki pale tu malipo yanapokuja haraka. Mfanyakazi ameacha haki ya kushtaki ili apate kidogo lakini kwa uhakika na mapema. Mwajiri asiyeripoti ndani ya siku 7, anayeficha DOSH 1 kwenye droo, anayemwambia mtu “tutaongea,” amechukua upande wake wa mapatano na kukataa kutoa upande wa pili. Kuna hata desturi ya kumsainisha majeruhi karatasi kwamba amepokea shilingi elfu 20 na hadai chochote tena. Karatasi hiyo haimwondolei mwajiri wajibu wa kuripoti, na ikija kusomwa mbele ya jaji inamsaidia mfanyakazi kuthibitisha kwamba mwajiri aliijua ajali. Hilo si jambo dogo: haki ya fidia hufifia kama ajali haikuripotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12, lakini si pale inapoonekana mwajiri alikuwa na habari kwa njia nyingine.

Na hata Mkurugenzi akishaamua kiasi cha fidia, bado kuna pengo ambalo wabunge hawajaliziba. WIBA haikueleza waziwazi fidia hiyo inatekelezwaje mwajiri akikaa kimya. Wafanyakazi wamekwenda Mahakama ya Ajira kuomba fidia igeuzwe kuwa hukumu ili waweze kukamata mali, na majaji hawakuwa na sauti moja kuhusu kama wana mamlaka hayo. Mwajiri anaweza kuliona pengo hili kama nafasi ya kupumua. Anayefanya hivyo anajilimbikizia gharama za mawakili kwa deni ambalo halifutiki.

Msomaji wa Tanzania atashangaa kwa nini mambo ni magumu hivi, kwa sababu kwao mpangilio ni mwingine. Tangu Julai 2015 Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kila mwajiri anachangia sehemu ya jumla ya mishahara, ambayo kwa sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 na sasa imeshushwa hadi asilimia 0.5, na hairuhusiwi kumkata mfanyakazi hata senti. Mtu akiumia, mfuko ndio unaolipa. Mwenye ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 anapata pensheni ya kila mwezi. Aliye chini ya hapo analipwa kwa mkupuo. Nauona mpangilio huo kuwa bora kwa mtu aliyepoteza mkono akiwa na miaka 25, kwa sababu milioni mbili za mkupuo huisha kabla watoto hawajamaliza shule ya msingi. Ni bora pia kwa mwajiri mwaminifu, ambaye Kenya anashindana sokoni na jirani asiye na bima kabisa. Kenya haijafika huko, na kwa sasa bima binafsi ndiyo iliyopo.

Basi turudi kwenye swali la kwanza, lile la kabla ya ajali, ambalo cheti cha ukutani hakiligusi. OSHA ina mambo mengi, na mengine ni ya ofisini zaidi: mahali pa kazi pasajiliwe kwa Mkurugenzi, kuwe na sera ya usalama iliyoandikwa, ukaguzi wa usalama ufanywe na mshauri aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 12. Penye watu 20 au zaidi lazima kuwe na kamati ya usalama na afya, wawakilishi wa uongozi na wa wafanyakazi kwa idadi sawa, na ikutane angalau kila miezi mitatu. Kamati nyingi zinaundwa kwenye karatasi siku chache kabla ya mkaguzi kufika. Kumbukumbu za mikutano zinaandikwa kwa mkupuo, zote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Mkaguzi mzoefu anaziona hapohapo.

Ila kinachookoa vidole ni ile kinga ya mashine. Sheria inataka sehemu zote za hatari za mashine, mikanda, gia, shafti zinazozunguka, meno ya kukata, ziwe zimezingirwa. Kinga hufunguliwa kwa sababu moja: inapunguza kasi, na anayelipwa kwa vipande anahitaji kasi. Mwajiri anayelipa kwa kipande kisha akashangaa kwa nini kinga zinafunguliwa hajaitazama karatasi yake ya malipo. Kubandika tangazo la “Usifungue Kinga” hakutoshi. Ama mashine ifungwe mfumo unaoizima kinga ikitolewa, ama malipo yapangwe upya mtu asiadhibiwe kwa kufanya kazi salama. Njia ya kwanza ni ya fundi na ya pili ni ya mhasibu, na zote mbili zina gharama ndogo kuliko vidole viwili.

Vifaa vya kujikinga, glavu, helmeti, miwani, buti, hutolewa bure na mwajiri. Kumkata kibarua wa mjengo bei ya helmeti kwenye malipo ya wiki ya kwanza ni kosa, ingawa linafanyika mchana kweupe. Na vifaa hivyo ni ngao ya mwisho. Glavu isiyofaa karibu na gia inayozunguka ni mtego, kwa sababu inaweza kunaswa ikavuta mkono mzima. Kabla ya kununua glavu, fahamu hatari ni ipi.

Kuna kipengele kingine ambacho waajiri wengi hawajawahi kukisikia. Mfanyakazi mwenye sababu ya msingi ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa iliyo karibu anaruhusiwa kuondoka eneo hilo na kumwarifu msimamizi wake, na mwajiri hawezi kumlazimisha kurudi kabla hatari haijaondolewa. Msimamizi asiyekijua atamwandikia mtu barua ya utoro kwa kukataa kushuka kwenye mtaro wenye kuta zinazomeguka. Barua hiyo itakuja kuwa kielelezo dhidi ya kampuni.

Limebaki kundi la majeraha yasiyopiga kelele. Mtu wa kinu cha kusaga, wa kiwanda cha nguo, wa machimbo ya mawe hapo Ndarugu, hakatwi na kitu. Anapoteza usikivu kidogo kidogo, au vumbi linamjaa kifuani kwa miaka. WIBA inafidia magonjwa ya kazini kama inavyofidia ajali, na ina jedwali la magonjwa na kazi zinazoyaleta. Kanuni za kelele za mwaka 2005 zimeweka mpaka wa desibeli 90 kwa wastani wa saa 8. Mwajiri ambaye hajawahi kupima kelele kwenye karakana yake, na hajawahi kuwapima wafanyakazi masikio walipoanza kazi, hana chochote cha kuonyesha fundi anapokuja baada ya miaka 15 akiwa hasikii. Hawezi kusema mtu huyu alikuja tayari ana tatizo, wala hawezi kusema kelele zetu zilikuwa chini ya kiwango. Kipimo cha usikivu siku ya kuajiriwa na kingine kila mwaka, vikihifadhiwa kwenye faili la mtu pamoja na vipimo vya kelele za karakana, humwonyesha mwajiri tatizo likiwa bado dogo. Hapo anaweza kumhamisha mtu kituo au kuifunika mashine kabla masikio hayajaharibika kabisa, na ikifika siku ya madai, daktari na Mkurugenzi wana rekodi ya kusoma.